Kanisa la Tsaparang

Upande wa magharibi wa Tibeti, karibu na mto Sutlej, kiko kilima cha udongo chenye mapango na kuta zilizobomoka. Ndiyo Tsaparang, mji mkuu wa zamani wa ufalme wa Guge. Hapo, siku ya Pasaka, tarehe 12 Aprili 1626, mapadri waliweka jiwe la kwanza la kanisa. Miaka kumi haikupita, misioni ikafungwa. Kwa sababu gani?

Watu wa Guge hawakuwa watu wasio na elimu. Tangu karne ya kumi wafalme wao walisaidia dini ya Buda. Mtawa wao Rinchen Zangpo (958-1055) alitafsiri vitabu vingi vya Kihindi, na mwaka wa 1042 mwalimu Atisha alikuja kutoka Hindi kuwafundisha. Katika inchi ile ya baridi, ya shayiri na kondoo, nyumba za watawa zilikuwa shule pia.

Padri António de Andrade, Myezuiti Mreno, alisikia kwamba ng'ambo ya milima wako Wakristo waliosahauliwa. Mwezi wa Machi 1624 aliondoka Agra pamoja na Ndugu Manuel Marques, wamevaa kama wahaji wa Kihindi. Walipanda njia ya Mana, yenye kimo kupita metri 5.500, weupe wa theluji ukamwumiza Padri macho. Mwezi wa Agosti walifika Tsaparang. Wakristo hawakuwako, lakini mfalme aliwapokea vema, akawaomba warudi. Mwaka wa 1625 Andrade akarudi.

Basi, mfalme alikuwa na ugomvi na ndugu yake, aliye mkubwa wa walama. Akapunguza mali ya walama, na papo hapo akawaheshimu mapadri mbele ya watu wote. Walama wangefikiri nini, ila kwamba dini mpya ni silaha ya mfalme? Mwaka wa 1630 maasi yalitokea, na jeshi la Ladakh likaja. Mfalme akachukuliwa mateka mpaka Leh. Misioni ikanyang'anywa mali. Mwaka wa 1635 ikafungwa. Marques alijaribu kurudi, akakamatwa. Mwaka wa 1641 barua yake ilitoka kifungoni ikiomba msaada. Baadaye hatusikii habari zake tena.

Myezuiti mwingine, Ippolito Desideri wa Italia, alifika Lhasa mwaka wa 1716. Yeye pia alipata ruhusa ya mfalme, Lhazang Khan. Lakini aliingia shule ya watawa wa Sera, akakaa pamoja nao, akasoma vitabu vyao na kujifunza namna yao ya kubishana. Mwisho wa mwaka wa 1717 Wadzungari walimwua mfalme. Desideri alikimbilia Dakpo, akaendelea kuandika kwa Kitibeti. Hata hivyo hakuona mavuno: Roma ilikuwa imewapa Wakapusini inchi ile, naye aliondoka mwaka wa 1721.

Andrade hakukosa ushujaa. Yeye na wenzake walijifunza lugha ya inchi pia. Ni haki kusema hivyo. Lakini nyumba iliyojengwa juu ya kiti cha mfalme huanguka pamoja na kiti. Mfalme wa Desideri alianguka vile vile. Vitabu vyake havikuanguka: mpaka leo wenye elimu ya Tibeti, hata wasio Wakristo, wanavisoma, kwa sababu ndani yake walama wanajibiwa kwa maneno yao wenyewe.