Mvumaji wa Juan Fernández, uhifadhi wake

Ndege wavumaji hupatikana katika mabara ya Amerika pekee. Msomaji wa Afrika Mashariki atawafananisha na chozi, kwa kuwa wote hunyonya mbochi kwa mdomo mwembamba, ila hawana udugu wa karibu. Mvumaji wa Juan Fernández, kwa jina la kisayansi Sephanoides fernandensis, amebaki kwenye kisiwa kimoja tu duniani: Robinson Crusoe, cha nchi ya Chile, chenye eneo la kilomita za mraba 48 hivi, mbali kabisa na pwani ya bara. Dume ana rangi ya kutu na utosi unaong'aa kama kaa la moto. Jike ana mgongo wa kijani, tumbo jeupe lenye madoa na utosi wa buluu. Tofauti hiyo ni kubwa hata wataalamu wa mwanzo waliwahesabu kuwa ndege wa aina mbili. Ndugu zao wa kisiwa cha Alejandro Selkirk hawajaonekana tena tangu 1908.

Visiwa hivi vya Juan Fernández vilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1935, na mwaka 1977 UNESCO ikavitambua kuwa hifadhi ya biosfea. Mtu anaweza kusema kwamba ulinzi huo wa sheria ungetosha. Lakini mpaka wa hifadhi unaishia pale kinapoanza kijiji cha San Juan Bautista, na ndege hajui mpaka. Hushuka bustanini kufuata maua, hasa yale ya rangi ya chungwa ya Dendroseris litoralis, mti wa asili ya visiwani humo ambao porini umekaribia kwisha ila watu wameupanda majumbani. Mara nyingi hanyonyi akiwa anaelea hewani. Hung'ang'ania jani au kikonyo kwa miguu yake yenye nguvu. Ua likiwa chini, paka aliyejibanza kichakani humfikia kwa mruko mmoja. Hapo askari wa hifadhi hana la kufanya, kwa sababu paka ana mwenyewe na bustani ina mwenyewe. Ndiyo maana elimu kwa wanakijiji haifai kuhesabiwa kama nyongeza ya uhifadhi. Kwa ndege huyu, hiyo ndiyo nguzo inayobeba kazi yote iliyobaki.

Wapo wanaopinga wakisema kwamba elimu huchukua miaka, na ndege hana miaka hiyo. Kwao, afadhali paka na panya waangamizwe mara moja. Hoja hii ina uzito, maana kuna visiwa vilivyosafishwa hivyo na ndege wakarudi. Lakini kwenye kisiwa chenye watu, kila dari na kila banda ni maficho ya panya, na mwenye nyumba akikataa kufungua mlango kazi haikamiliki. Paka naye hufugwa kwa sababu hukamata panya. Kinachowezekana ni kuwafunga kizazi paka wa kijijini na kuwazuia wasizurure, na hilo halifanyiki bila ridhaa ya wanaowafuga.

Wengine huona dawa katika vyombo vya maji ya sukari. Sukari humpa nguvu ya kuruka, haimpi protini ya kulishia makinda. Protini huipata kwa kudonoa wadudu wadogo kwenye majani ya miti ya asili, hasa luma, na msitu huo unamezwa na mimea vamizi: zarzamora, kichaka cha miiba kutoka Ulaya, pamoja na maqui iliyoletwa kutoka bara. Ni kweli kwamba baadhi ya mimea hiyo nayo hutoa maua, tena mvumaji mwingine aliyehamia kutoka bara huyatumia vizuri; ila mwenyeji huyu hutegemea zaidi msitu wa asili. Mkazi anayeng'oa miche ya zarzamora uani kwake anapunguza mbegu ambazo ndege wengine wangezipeleka mlimani.

Tarehe 27 Februari 2010 tsunami ilisomba sehemu kubwa ya kijiji, pamoja na bustani zilizokuwa malisho ya mvumaji. Miti ile ya maua ya chungwa ilipaswa kuoteshwa upya na mikono ileile iliyokuwa ikijenga nyumba.