Mizani, Daftari na Uvumilivu



Chama Kikuu chetu kinapotimiza miaka kumi, tumeona si vema kurasa hizi zijae pongezi tupu. Afadhali tukumbushane habari za wakulima waliotutangulia, maana biashara ya wakulima haikuanza nasi, wala taabu zake si ngeni. Atakaye kujua jinsi biashara inavyodumu, na aitazame pamba ya Usukuma.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mkulima wa Jimbo la Ziwa, katika Tanganyika, alilima mwenyewe, akapalilia mwenyewe, akachuma na kuchagua pamba safi na pamba fifi kwa mikono ya watu wa nyumbani mwake. Lakini alipofika sokoni, mizani haikuwa yake. Aliambiwa uzito, akapokea fedha, akarudi kwake na shaka moyoni. Wengi walinung'unika tu. Wachache walifanya neno jingine: walitafuta mizani yao na wapimaji wao, ili mkulima aujue uzito wa mzigo wake kabla ya kuuza. Hapo ndipo ushirika ulipotia mizizi, kwani manung'uniko hayaongezi hata senti moja katika bei.

Mwaka 1952 wakulima hao waliunda chama chao cha jimbo. Miongoni mwa viongozi wake alikuwa Bwana Paul Bomani, aliyezaliwa mwaka 1925, naye alikwisha kuwa katibu wa chama cha ushirika cha wafanya biashara Waafrika mjini Mwanza. Kazi ilikuwa ya kwenda kijiji kwa kijiji: kueleza maana ya hisa, kuchagua kamati, kufundisha makarani, na kuandikisha vyama vya msingi kwa Mrajis. Mwaka 1955 vyama hivyo viliungana katika Shirikisho la Victoria, na mwaka 1956 Shirikisho likawa na kiwanda chake cha kuchambulia pamba huko Kasamwa. Kabla ya mwongo ule kwisha, karibu pamba yote ya jimbo ilikuwa ikipita mikononi mwa wakulima wenyewe.

Hebu tufikiri, kiwanda kile kilitoka wapi? Kiwanda hakijengwi kwa vigelegele. Hujengwa kwa fedha ambayo mwenye haki ya kuila amekubali kutoila leo. Hiyo ndiyo nidhamu ya biashara, nayo ni ngumu kuliko jembe, maana jembe huchosha mikono tu, bali nidhamu hukataza tumbo.

Lakini historia ya kweli haifichi makovu. Vyama vilikua upesi kuliko daftari zake. Mwaka 1966 Serikali iliunda kamati maalum ya kuchunguza mwendo wa vyama vya ushirika, nayo ilikuta upungufu wa watumishi wenye ujuzi, upendeleo katika kuajiri, na wanachama wasiojua haki zao. Wahenga walikwisha kutuonya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mwaka 1976 Serikali ilivunja vyama vikuu vyote vya Tanzania Bara, na hapo sababu zilikuwa nyingi, wala si makosa ya wakulima peke yao. Sheria ya mwaka 1982 ilipofungua mlango tena, wakulima walirudi kuanza upya. Kuanza mara ya pili kwataka moyo mkubwa zaidi, kwa kuwa aanzaye upya amekwisha kuonja hasara.

Tunayasema haya kwa sababu liko jambo mbele yetu. Wako wenzetu wanaotaka akiba ya Chama igawanywe yote katika sikukuu hii. Hatuwalaumu, ada za shule hazingoji, na msimu uliopita haukuwa mwema. Lakini tukiigawa, kila mtu atapata fedha ya kutumia mwezi mmoja, na Chama kitaingia mwaka wa kumi na moja mikono mitupu. Bei ikianguka, tutakimbilia kwa nani?

Kwa hiyo twawaomba wanachama mambo haya: akiba ibaki, hesabu zisomwe hadharani katika kila chama cha msingi, na karani aulizwe bila kuogopwa, na mizani ikaguliwe kabla ya msimu. Nasi viongozi tukaguliwe vivyo hivyo.

Haba na haba hujaza kibaba, lakini kwa sharti moja: kibaba kisiwe na tundu.