Mwaka Ambao Kwaya Ilinyamaza

Katika safari yetu hakuna kipindi kilichotupima kama mwaka wa 2020. Tarehe 13 Machi serikali ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini. Kabla ya mwezi kuisha makanisa yalikuwa yamefungwa na kafyu imeanza. Mazoezi ya jioni yalikoma, wengine wetu walipoteza kazi, na hatukujua kama tungeimba pamoja tena.

Maziko yaliruhusiwa watu 15 tu. Sisi tuliozoea kuwasindikiza wapendwa kwa nyimbo tulibaki nyumbani, tukaombeana kwa simu.

Makanisa yalipofunguliwa mwezi wa Julai, ibada ilikuwa ya saa moja, watu wasizidi 100, na waliopita miaka 58 wasije. Wazee wetu wa besi, waliotufundisha solfa, hawakuweza kuingia. Viti vyao tuliviacha wazi kila Jumapili, tukimwachia Mungu siku ya kurudi kwao.

Siku hiyo ilifika. Si wote walioiona, lakini wimbo uliendelea. Leo, kwenye jubilii hii, tunasema Ebenezeri, na kesho yetu tunaikabidhi mikononi mwake yule yule.