Mvuke wa Olkaria: serikali ikilala, stima hulala

Mnaukumbuka mgao wa stima wa mwaka 2000? Ukame ulikuwa umeyapunguza maji ya mabwawa ya mto Tana, na sisi watu wa tarakilishi tukajifunza kuhifadhi kazi kila baada ya dakika mbili. Kinachoniuma ni kwamba chini ya ardhi karibu na Naivasha kulikuwa na mvuke tele, na mvuke huo haungoji mvua.

Wala haikuwa siri. Visima viwili vya majaribio vilichimbwa Olkaria mwaka 1956, havikutoa mvuke wa maana, mradi ukaachwa. Katika miaka ya 1970 serikali ilirudi kuchimba ikisaidiwa na Umoja wa Mataifa, na mwaka 1981 mtambo wa kwanza wa megawati 15 ukawashwa. Kufikia 1985 zilikuwa megawati 45. Halafu kimya, karibu miaka 15!

Kwa nini? Kisima cha mvuke hushuka kilomita mbili au tatu na hugharimu mamilioni ya dola, na hujui kilicho chini mpaka uchimbe. Ni kama kulipia programu nzima kabla ya kujua kama itafanya kazi. Benki gani itakubali bahati nasibu hiyo?

Hapo ndipo serikali ilipotakiwa, na mwishowe ikaingia. Mwaka 2008 iliunda shirika la GDC, kazi yake kutafuta mvuke na kuchimba visima kwa pesa za umma na mikopo nafuu, ili mwenye mtambo akute mvuke umeshapatikana. Hatari ya kisima kikavu ikabebwa na taifa zima badala ya kampuni moja. Mwaka 2014 Olkaria iliongezewa megawati 280, na visima vyake vingi vilikuwa vimechimbwa na GDC. Siku hizi mvuke hutupatia takriban asilimia 40 ya stima yetu.

Lakini msidhani serikali yetu imehitimu. Kule Loiyangalani, karibu na ziwa Turkana, wawekezaji walimaliza kusimamisha mitambo 365 ya upepo mwaka 2017. Upepo ukavuma, stima haikufika popote, kwa sababu njia ya umeme ya zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa, iliyokuwa jukumu la serikali, haikuwa tayari. Iliwashwa Septemba 2018, na fidia ya kuchelewa tukatwikwa sisi wateja.

Basi wanaosema serikali ikae kando soko lifanye kazi, waitazame Olkaria. Na wanaosema serikali inaweza yote, waitazame Turkana. Mtu binafsi anaweza kujenga mtambo. Kuchimba gizani na kuvuta nyaya hadi mjini ni kazi ya serikali, na asipoifanya kwa wakati, sisi hurudi kwenye mishumaa.