AGC: Saketi Ndogo Inayofanya Stori Yako Isikatike, na Kwa Nini Busta ya Bei Chee Inaweza Kukuangusha

Chukua hii picha: uko ndani ya mathree, umetoka Githurai unaelekea tao, unapiga stori na beste yako kwa simu. Dakika moja mko karibu kabisa na mnara, dakika inayofuata mmepita chini ya daraja, halafu trela linawaziba. Nguvu ya mawimbi inayofika kwa simu yako inapanda na kushuka kama bei ya nyanya. Lakini stori inaendelea tu. Umewahi kujiuliza ni nani anashikilia hiyo kazi?

Ni saketi inaitwa AGC, yaani udhibiti otomatiki wa ukuzaji. Iko kwa simu, kwa ruta ya Wi-Fi, kwa TV, kwa redio na hata kwa GPS. Ukiielewa, hautauziwa mbuzi kwa gunia siku ukienda kununua antena.

Shida iko wapi?

Mawimbi huchoka haraka. Kwa uwanja ulio wazi, ukienda mbali na mnara mara 10, nguvu inayokufikia inapungua mara 100. Mtaani kwenye magorofa na mabati, inapungua hata zaidi. Simu ikiwa karibu na mnara, halafu ishuke kwa parking ya chini ya ardhi, tofauti inaweza kufika desibeli 80. Hiyo ni mara milioni 100, buda.

Sasa ndani ya simu kuna kifaa cha kugeuza mawimbi kuwa namba. Kila biti ya hicho kifaa inabeba karibu desibeli 6, kwa hivyo kikiwa na biti 10 kinabeba kama desibeli 60 pekee. Mawimbi yakiwa makali kupita kiasi, vichwa vyake vinakatwa na data inaharibika. Yakiwa hafifu sana, yanapotelea kwa kelele za kifaa chenyewe. Lazima mtu akae katikati ayaweke kwa saizi inayofaa.

AGC inafanyaje kazi?

Fikiria DJ mwenye mkono kwa kitufe cha sauti. Anasikiliza kile kinachotoka, analinganisha na kiwango anachotaka, halafu anapunguza au anaongeza. AGC ni hivyo hivyo: inapima mawimbi yakishakuzwa, inalinganisha na kiwango kilichowekwa, kisha inarudisha amri nyuma kwa amplifaya. Yamezidi? Shusha. Yamepungua? Pandisha. Mzunguko huo haukomi.

Ngori ni kasi. AGC ikiwa pole sana, mawimbi makali yanagonga kabla haijashtuka. Ikiwa na haraka kupita kiasi, inaanza kufuta ujumbe wenyewe, kwa sababu kwa redio ya AM kupanda na kushuka kwa nguvu ndiyo sauti unayosikiza. Ndiyo maana redio nyingi za mawasiliano ya sauti hushusha haraka lakini hupandisha polepole.

Wi-Fi nayo haina muda wa kubembelezana. Kwa mfumo wa 802.11g, kila pakiti huanza na mlio mfupi unaorudiwa mara 10, jumla mikrosekunde 8. Ndani ya huo muda, ruta inagundua kuna mtu anaongea na AGC inajipanga kabla data haijafika. Ukipepesa jicho mara moja, hiyo kazi ingekuwa imefanyika maelfu ya mara.

Nani alianzisha?

Redio za zamani zilikuwa kazi ngumu. Ukihama kutoka stesheni ya mbali hadi ya karibu, spika inakupigia kelele hadi majirani wanaamka. Usiku, mawimbi yaliyodunda angani yalikuwa yanakuja na kupotea, na wewe umeshikilia kitufe kama dere ameshika usukani. Mwaka wa 1925, Mmarekani Harold Wheeler, kijana wa miaka 22, akabuni njia ya kutumia dayodi kufanya hiyo kazi bila mkono wa mtu. Mwaka wa 1929 kampuni ya Philco ikaiweka kwa redio yake ya Model 95. Tangu hapo hakuna aliyetaka kurudi nyuma.

Mahali AGC inachoka

Hapa ndipo doh yako inaingia, soma poa.

Kwanza, AGC haitofautishi ujumbe na kelele. Ikipandisha, inapandisha vyote. Ushawahi kuweka redio ya AM mahali hakuna stesheni, ikatoa "shhhh" kali? AGC imetafuta mawimbi, imekosa, ikafungua hadi mwisho. Unachosikia ni kelele zilizokuzwa.

Pili, jirani mwenye sauti kubwa anaweza kukuzimisha. Mawimbi makali ya masafa ya karibu yakipenya chujio, AGC inashusha kila kitu, na yale yako madogo yanazama nayo.

Tatu, ina mwisho wake. Ikishashusha hadi chini kabisa na mawimbi bado ni makali, hakuna tena cha kufanya.

Kwa hivyo ukienda dukani

TV yako inaganda na keja yako iko karibu na mitambo ya Limuru? Usikimbilie busta ya antena. Pengine mawimbi ni makali tayari, na busta inayasukuma hadi yanaharibika. Jaribu kwanza kuitoa ile uko nayo, uone.

Uko mbali, ushago bondeni? Antena nzuri iliyoinuliwa juu inashinda busta mbaya. Na ukiweka busta, iweke juu karibu na antena, si chini nyuma ya TV. Waya mrefu unapunguza mawimbi njiani, na busta iliyo chini inakuza yale mabaki pamoja na kelele. Kilichopotea kwa waya hakirudi.

Busta ya netiwaki ya simu ndiyo noma zaidi. Zile za bei chee hurusha kelele moja kwa moja kwa mnara, na mnara haujui hiyo ni takataka. Wewe unaona bar zimejaa, lakini majirani wa ploti nzima wanashangaa mbona simu zinakatika. Isitoshe, vifaa vya mawasiliano vinatakiwa viwe vimeidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano, CA. Uliza hiyo kabla ya kutoa pesa.

Na kumbuka, kujaa kwa bar si usafi wa mawimbi. Bar zinaweza kujaa na video bado inazunguka tu, kwa sababu kelele nazo zimepanda. Mtu akikuambia kifaa chake "kinaongeza netiwaki", muulize swali moja: kinaongeza ujumbe, ama kinaongeza kelele pia? Akianza kuzungusha maneno, funga mfuko wako uende home.