Pasta aliyekuja Lamu kusoma

Wasee, mkisikia "masomo ya juu ya wachungaji" mnawaza chuo cha Nairobi na joho la mahafali. Mwaka 1936 kuna mchungaji aliyafuata Lamu.

Ernst Dammann, Mjerumani, alikuwa mchungaji wa Kilutheri Tanga, tayari ana udaktari wa chuo kikuu. (Alikuwa pia mwanachama wa Nazi, hiyo tusiifiche.) Kiswahili alikijua, lakini tenzi za kale zinamtaka mwenyewe. Akaja kwa Muhamadi Kijuma, Mwislamu, mzee wa miaka themanini hivi: mshairi, mchonga milango, mpigaji kibangala, na mwandiko wake wa herufi za Kiarabu, aisee, safi balaa! Mzee akamnakilia tenzi na kumfafanulia maana.

Mwaka 1940 Dammann akatoa kitabu kizima cha tungo za Kiamu. Baadaye akawa profesa, Berlin kisha Marburg. Kijuma alifariki 1945. Hati zake ziko London na Ujerumani.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na kila harusi kuna shangazi ananiuliza nina karatasi gani. Juzi pale Langoni nikawauliza vijana watano Kijuma ni nani. Mmoja akaniambia, "Si yule winga?"