Salmon ya Air Fryer: Asali Inaingia Mwisho

Msee, salmon si omena. Ukiiunguza, umechoma doh. Kata mnofu wa gramu 500 vipande vya sentimita 3, vikaushe na tishu ndio vishike rangi, visichemke. Changanya soya sosi vijiko 2, mafuta kijiko 1, kitunguu saumu kilichopondwa na paprika. Chumvi wachana nayo, soya inatosha. Pasha air fryer digrii 200, panga vipande bila kubanana, pika dakika 5. Sasa ndio unapaka asali kijiko 1. Sukari huungua mbio, so ukiipaka mapema nje itakuwa nyeusi na chungu kabla ndani haijaiva. Rudisha dakika 2. Zikichambuka na uma, ziko fiti. Kamulia ndimu, dishi na wali moto.